Kabureta ya Marehemu Baba Mdogo

Wako watu ambao injini ya mtumbwi ikikataa kuwaka, hawajui dawa nyingine ila kuvuta kamba. Huvuta, wakapumzika, wakavuta tena, mpaka mabega yawaume na plagi ilowe. Kisha husema injini imekufa. Mimi nimeishi na injini moja kuukuu, Yamaha ya nguvu za farasi 25, tangu enzi za marehemu baba mdogo, na katika miaka yote hiyo nimeona kwamba mara nyingi injini haikufa. Ina njaa tu, au imelishwa uchafu.

Ndugu msomaji, injini hii ni ya mtindo wa zamani, ile ambayo oili huchanganywa ndani ya petroli. Ya kwetu hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Maana yake ni kwamba petroli ikipungua njiani, oili nayo imepungua, na pistoni huanza kusuguana na silinda ikiwa kavu. Mtu akilazimisha injini yenye njaa, ataiua kweli. Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, alianza kuuza injini zake za mtumbwi kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, na tangu hapo mengi yamebadilika. Lakini kabureta ya injini yetu bado ni kitu kile kile cha kizamani: bakuli dogo, boya, sindano ya kufunga na kufungua, na vitundu ambavyo chembe moja ya kutu yatosha kuviziba.

Baba mdogo alikuwa akipeleka ndizi visiwani, hasa Bumbire, na kurudi na dagaa Kemondo. Kazi hiyo haikuwa na utajiri, lakini ilisomesha watoto. Nasi watu wa Kagera, tangu tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, hatuzungumzi habari za ziwa kwa mzaha. Wazee walimheshimu Mugasha mwenye ziwa na pepo zake. Baba mdogo alikuwa Mkristo, ila nadhani na yeye alimheshimu kidogo.

Jioni moja tulikuwa tunatoka Bumbire. Tulikuwa watu 7, na miongoni mwetu alikuwamo mama aliyebeba mtoto mwenye homa kali, akimpeleka hospitali. Kisiwa kilikuwa kimekwisha kuwa kidogo nyuma yetu pale injini ilipoanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Upepo ulikuwa umeanza. Mimi nilikwisha kuishika kamba, baba mdogo akaniambia, "Iache, mwanangu. Tuiulize kwanza."

Akatuamuru wawili tushike makasia tuuweke mtumbwi uso kwa mawimbi, usigeuke ubavu. Kisha akaanza kuiuliza. Kwanza alitazama kifuniko cha tenki, kwa sababu kile kiskrubu cha kupitisha hewa kikifungwa, petroli haitoki. Injini huenda dakika chache halafu ikazima. Kilikuwa wazi. Akabonyeza ile pampu ya mpira iliyo katikati ya mpira wa mafuta. Ikawa ngumu mkononi. Basi petroli ilikuwa inafika mbele, wala hapakuwa na mahali panapovuta hewa. Akafungua plagi, akakuta cheche ipo. Akairudisha, akavuta kamba mara mbili, injini ikawaka! Ikatulia vizuri katika mwendo wa chini. Alipoongeza moto, ikafa. Akaiwasha tena, akavuta choki nusu, nayo ikapata nguvu.

"Waitu, si inakwenda?" akasema yule mama. "Twende hivyo hivyo!"

Nani angemlaumu? Mtoto alikuwa anatetemeka. Lakini baba mdogo alizima. Alimweleza kwa upole kwamba injini inayokwenda kwa choki peke yake inanyonya hewa nyingi na petroli kidogo. Ingetufikisha katikati ya maji, pistoni ikakwama, na hapo pasingekuwa na fundi wa kutuokoa. Kitundu cha mwendo wa chini kilikuwa kizima. Kile kikubwa ndicho kilichoziba.

Alifungua skrubu ya chini ya bakuli, akakinga petroli katika chupa nyeupe ya soda. Tuliona wazi: chini ya chupa yamekaa maji, maana maji ni mazito kuliko petroli, na ndani ya maji hayo unga mwekundu wa kutu kutoka kwenye tenki la chuma. Yule mama akatandua khanga yake, akaitandaza chini ya injini ili skrubu zisiangukie majini. Baba mdogo akalitoa bakuli, akakitoa kijiti cha shaba chenye kitundu, akakipuliza kwa mdomo. Hakikuzibuka. Mimi nilitaka kumpa waya. Alikataa: waya hupanua kitundu, na tangu siku hiyo injini hainywi tena kwa kipimo. Katika kofia yake alikuwa na unywele wa mkia wa ng'ombe. Kwa huo alikizibua.

Yote hayo yalichukua muda usiofika saa moja, nami mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kwa kasia. Tulifika Kemondo usiku. Mtoto alilazwa, akapona.

Baada ya hapo tenki la chuma lilitupwa, likaja la plastiki. Dumu la petroli likafungwa kitambaa chekundu, kwani siku zile za karabai za kuvulia dagaa, madumu ya mafuta ya taa na ya petroli yalikaa pamoja na kufanana kama mapacha. Wengine walichanganya kwa makusudi, maana mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka 2011 Serikali iliyapandishia kodi ili kuukomesha mchezo huo, na siku hizi wavuvi wengi wanatumia taa za sola.

Wajukuu wa marehemu wananiambia niiuze, wanunue ya kisasa isiyochanganywa oili. Wana haki yao, na pengine watanishinda. Kwa sasa, kila mwisho wa mwezi naifunga kwenye ukingo wa pipa la maji nyuma ya nyumba, naiwasha dakika 10 huku majirani wakilalamikia moshi, kisha nauchomoa mpira wa mafuta na kuiacha ilie peke yake mpaka imalize petroli yote iliyobaki katika bakuli la kabureta. Ikizima, naipangusa na kuifunika gunia.