TOGWA YA LEO, POMBE YA KESHO KUTWA

Ndugu msomaji, leo twende Buswelu. Ukitoka Mwanza mjini, shika barabara ya Musoma. Ukifika Nyakato, acha barabara kuu na ukate kushoto. Njiani utaona mawe makubwa, kama yalivyo kote Mwanza. Siku hizi Buswelu ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012. Lakini hapa ni Usukumani. Togwa na pombe ya mtama ni vinywaji vya tangu zamani.

Ndani ya chungu kuna kazi gani? Tuangalie.

Mtama ulioloweshwa huota. Ukiota, hujitengenezea kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mtama huo ukianikwa na kusagwa, ndio kimea. Ukitia kimea katika uji uliopoa kidogo, uji huwa mwepesi na mtamu. Ukikitia uji ukitokota, nguvu ya kimea hufa.

Kimea huja na viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vingine huleta uchachu wa togwa. Vingine ni hamira. Ndiyo, hamira ni kiumbe hai! Ni jamii moja na ile ya dukani ya kuumulia maandazi. Mfaransa Louis Pasteur alithibitisha jambo hili kwa majaribio katika miaka ya 1850 na 1860.

Hamira hula sukari. Katika gramu 100 za sukari hutoa karibu gramu 50 za kilevi. Karibu zote zinazobaki huwa hewa. Hewa hiyo ndiyo mapovu unayoyaona.

Hamira hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Mchana wa Buswelu hufika karibu nyuzi 28. Kwa hiyo chungu hakipumziki. Siku ya kwanza kilevi ni kidogo sana. Siku ya tatu, togwa ileile huweza kuwa pombe. Mama anayempa mtoto togwa iliyolala siku tatu huenda anampa pombe bila kujua.

Basi, shika haya:

1. Osha chungu na mikono kwa maji safi na sabuni.

2. Kimea chenye ukungu kitupe. Sumu yake haiishi kwa kuchemshwa.

3. Kinywaji kinachotoa mapovu usikifunge katika chupa ya kioo na kukaza kizibo. Hewa ikikosa njia, chupa hupasuka na kuumiza watu.

4. Togwa ya mtoto iwe ya siku hiyo hiyo.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Siku utakayotia kimea, andika tarehe kwenye karatasi na uiweke juu ya kifuniko. Kila mtu nyumbani ataisoma kabla ya kuchota.