Aliyemleta Mbwa Si Lazima Awe Mwenye Mbwa

Edinburgh, Uskochi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kusikia umepangiwa field Mtwara, na kwamba mtafika hadi Msimbati na Msanga Mkuu. Umeniuliza huku wanafunzi wenzako wa udaktari wa wanyama huachiwa kufanya nini.

Sheria ya Uingereza ya 1966 inamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi ya daktari wa wanyama. Mwanafunzi aliyefikia mafunzo ya kliniki anaruhusiwa, ila kwa ngazi. Kumpima mnyama, aelekezwe na daktari. Kumtibu, daktari awe palepale kliniki, akiitwa aitike. Kumpasua, daktari asimame kando, macho kwenye mikono ya mwanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho, asishughulike na jingine. Tulipompeleka paka wetu kwenye kliniki inayofundisha, binti aliyempima alitueleza kwanza kwamba ni mwanafunzi, akatuonyesha daktari wake, akaomba ruhusa. Kisha tukaelezwa tiba, hatari ya nusukaputi na gharama, ndipo tukatia saini.

Kwetu Tanzania nako sheria ipo. Ile ya Veterinari ya 2003 ndiyo iliyounda Baraza linalosajili madaktari. Lakini kijijini kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na watu wetu kwa adabu zao hawamuulizi mgeni cheti. Kwa hiyo jitambulishe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Ninaowawazia zaidi ni watoto. Kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa zilipofanyika Lindi na Mtwara, kati ya 2010 na 2015, zilitegemea watu kuwaleta mbwa kituoni, na mara nyingi anayeshika kamba huwa mtoto. Kwa chanjo sina neno: kijiji kimetangaziwa, na ugonjwa ule ukishamwonyesha mtu dalili, ni nadra mno kupona. Ila mtu akidakia, "Basi mhasini hapohapo," kataeni. Mwenye mbwa ni baba, naye yuko baharini, au yuko shambani. Mbwa yule ndiye anayemfukuzia nguruwe pori, na akifia mezani, mtoto ndiye atakayeulizwa nyumbani.

Mpigieni simu mwenyewe, au mngojeni. Mwelezeni kwa Kiswahili chepesi, au Kimakonde, kwamba atakayeshika kisu ni mwanafunzi na daktari atakuwa amesimama pale. Akisema mwanafunzi asimguse mbwa wake, daktari mwenyewe amtibu mbwa, na mwenye mbwa asinuniwe.

Utasikia kwamba haya ni mambo ya Wazungu na paka wao wa kulala kitandani. Mimi sikubali hata kidogo. Mzee wa Msimbati mwenye mbwa mmoja ana cha kupoteza zaidi kuliko mimi, maana mimi nikitendewa vibaya nina kliniki nyingine mtaa wa pili.

Na foleni ikiwa ndefu, ukaambiwa upasue peke yako, jibu kwa heshima kwamba utamngoja daktari. Aliyekuambia akikasirika, nipigie hata usiku.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako