Siku Mbili za Kusoma Mawe ya Unguja

Sisi wakaazi wa Mji Mkongwe tumezoea kuhesabu umri wa mji wetu kwa umri wa majumba yake: hili lilijengwa zama za Sayyid Barghash, lile zama za baba yake. Ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza mawe yenyewe yana umri gani. Hata sisi hatukujiuliza, mpaka swali hilo lilipotujia nyumbani kwa ulimi wa mtoto.

Mvua za masika zilikuwa zimebandua lipu ya ukuta wa baraza yetu. Kijana wetu wa miaka tisa akaona katika jiwe lililokuwa wazi alama kama nyota ndogo nyingi zilizopangwa safu, na kando yake kipande cha gamba la chaza. Akauliza: "Baba, nani aliyemtia chaza ukutani?" Tulicheka, lakini hatukuwa na jawabu. Bibi yake, ambaye sote twamheshimu kwa ucha Mungu wake, akasema kuwa maswali ya namna ile yakizidi humtikisa mtoto imani. Afadhali anyamaze, akadurusu chuo chake.

Hapo tuliona kuwa jambo limekuwa zito. Kumnyamazisha mtoto si kazi. Lakini anyamazishwaye nyumbani huenda akauliza kwingine, kwa watu watakaomwambia kuwa dini yake haina la kusema. Basi tukanuia safari ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nyumba nzima, na bibi naye tukamwomba afuatane nasi.

Jumamosi asubuhi tulianzia Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, nalo baadaye likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake moja iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Tuliwaombea rehema. Kisha tukawaeleza watoto kwamba kuta za mji huu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikaunganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ni matumbawe yaliyochomwa tanurini.

Na tumbawe ni nini? Ni nyumba ya kiumbe hai. Mdudu mdogo wa baharini, laini kama kamasi, huvuta chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea kikombe cha kukaa. Afapo, kikombe hubaki na mwingine hujenga juu yake. Zile nyota alizoziona kijana wetu ni vikombe hivyo. Mchanga na magamba hujaza nafasi, maji yenye chokaa hupenya na kuyashikamanisha yote, na baada ya dahari nyingi fungu zima huwa mwamba. Mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa hivyo mwambani ndiyo yaitwayo visukuku. Miaka ipatayo 125,000 iliyopita bahari za dunia zilisimama juu kwa mita kadhaa kuliko leo, na matumbawe yakakua mahali ambapo sasa ni nchi kavu. Basi chaza hakutiwa ukutani na mtu. Alikuwamo ndani ya jiwe kabla ya mwashi kuzaliwa.

Tukaenda kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, penye Beit al-Amani, jumba la kuba lililochorwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925 liwe makumbusho. Hapo tuliwasimulia watoto khabari ya chui wa Unguja, ambaye vizazi vya wanafunzi wa mji huu wamemwona katika makumbusho yetu, ngozi yake imejazwa, ijapokuwa wataalamu wengi sasa wanamhesabu kuwa ametoweka. Binti yetu mkubwa akauliza: "Chui hapandi jahazi. Alifikaje kisiwani?" Tulimwambia asubiri hadi kesho.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, tulimsomea bibi khabari za wanavyuoni wetu wa kale. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliona magamba ya baharini ndani ya ardhi ya jangwa la Arabuni, akakata shauri kuwa jangwa lile lilikuwa bahari. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kitab ash-Shifa jinsi wanyama na mimea wawezavyo kugeuka mawe. Wala hawakuona kuwa kutazama jiwe ni kumkanusha aliyeliumba. Na Sura ya al-Ankabut, aya ya 20, inatuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Bibi alisikiliza, asijibu neno.

Jumapili tulitoka baada ya Alfajiri, tukapita msitu wa Jozani, tukafika Jambiani. Kutoka kijijini mwenyeji mmoja alituongoza juu ya uwanda wenye mawe makali hadi Pango la Kuumbi. Katika pango hili Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mwaka 2005, na wachunguzi wengine wakafuatia mwaka 2012. Walipata vijiwe vya kukatia vilivyochongwa na watu, na mifupa ya wanyama ambao hawako tena Unguja: punda milia, nyati, kuro. Tabaka za kale za makaazi hayo zinafika miaka ipatayo 20,000.

Hapo binti yetu akapata jawabu lake. Zama zile maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, na bahari ikashuka mita zipatazo 120 chini ya hapa ilipo. Mlango wa bahari baina ya Unguja na Bara si wa kina kirefu, basi ulikuwa nchi kavu, na chui, punda milia na wanadamu walivuka kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Wengine walisalia, wengine wakamalizika katika ardhi iliyokuwa imepungua.

Tulipokuwa tukitoka, kijana wetu alikuwa ameficha kifupa mfukoni. Tulimrudisha akakiweke pale pale alipokiokota. Akalia. Tukamweleza kuwa mfupa uliotolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni: aliyeuchukua hawezi kuusoma, na aliyebaki na kitabu hawezi kukimaliza. Aidha, mali ya kale ni amana ya wote, na kuichukua ni khiyana japokuwa hapana aonaye.

Adhuhuri ilitukuta Kizimkazi Dimbani, katika msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya pwani yetu. Baada ya sala tulitazama kibla chake, kilichonakshiwa kwa khati ya Kufi. Nakshi zile zimechongwa katika matumbawe. Bibi alisogea karibu, akayatazama mawe muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake akamwuliza: "Zile nyota zako, humu pia zimo?" Wakainama pamoja kuzitafuta.

Wazazi wenzetu, safari hii haikutugharimu ila nauli na chakula tulichofunga nyumbani. Watoto wavae viatu madhubuti, kwani uwanda hukata miguu. Waombeni wenyeji idhini na mwongozo kabla ya kuingia mapangoni. Na kuta za majumba yetu tuzitunze, tusiache maji ya mvua yakazila. Na mtoto akikuulizeni swali msilolijua, msimkemee. Mwambieni, "Sijui, twende tukatazame." Mwenyezi Mungu atuwafikie.