Mkono wa Loulie

Hiram Powers, mchongaji wa Marekani aliyehamia Florence, Italia, alichonga kwa marumaru mkono wa binti yake Louisa mwaka 1839. Si uso. Mkono tu wa mtoto mchanga, vidole vinene, unatoka katikati ya petali za ua. Nyumbani walimwita Loulie.

Baadaye wageni nao wakautaka, akatoa nakala za kuuza. Hapo tulibishana sana. Mkono wa mtoto wako unauzaje? Wengine wakasema acheni, baba naye anakula.

Sisi siku za uhakiki tunawashika watoto vidole, tunaviweka kwenye mashine ili jina lisitoke kwenye orodha. Powers alitaka tu vile vidole visikue. Wengi wetu hatuna hata picha moja ya utotoni, zilibaki kule.