Tuliomba dua, breki tukaziacha



Sisi ni mawifi wawili, washonaji wa hapa Nyamisati. Wengi mnaovuka kwenda Mafia mnaijua Land Rover yetu, Series III ya mwaka 1976, aliyotuachia marehemu mzee wetu.

Kila safari tulianza na Bismillah na dua. Lakini hali ya breki tuliijua. Gari lile lilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne. Likipita kwenye maji ya masika barabara ya Bungu, dramu zinalowa, unakanyaga mara mbili tatu ndipo lishike. Fundi alituonya. Tukamjibu, "Inshallah, mwezi ujao." Pesa tulikuwa tunaiwekea ovaloki.

Siku hiyo tulitoka Bungu na marobota ya vitambaa vya sare za shule, pamoja na akina mama wanne tuliowapa lifti, mmoja ana mtoto mgongoni. Tunakaribia bandarini, pedali ikazama mpaka chini. Bomba la nyuma, lililoliwa na kutu, lilikuwa limepasuka. Mfumo wake ulikuwa wa njia moja, kwa hiyo mafuta yalipomwagika, magurudumu yote yakakosa breki. Wifi akashusha gia, akavuta breki ya mkono, ambayo kwa Land Rover hizi hushika shafti na haitegemei mafuta. Tukasimama hatua chache tu kabla ya wauza kamba.

Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Yule mwenye mtoto akatushukuru sana. Tulishindwa kumtazama usoni, maana sisi tulijua tangu mwanzo.

Ovaloki ikasubiri. Tulikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta vipuri. Fundi akafunga diski, kalipa na pedi mbele, nyuma akaacha dramu na breki shuu mpya. Si jambo geni: kiwanda chenyewe kiliweka diski za mbele kwenye One Ten ya mwaka 1983. Akaweka masta silinda ya njia mbili, upande mmoja ukivuja mwingine unabaki. Akaongeza busta, kwa sababu diski zinataka nguvu kuliko mguu. Mabomba yakawa ya aloi ya shaba, yanayostahimili chumvi ya huku kwetu. Akatoa upepo wote, tukalijaribu tupu, mwendo wa polepole, kabla ya kupakia mtu.

Dada, cherehani ikikataa kusimama unaharibu kitambaa. Gari linabeba watoto wa watu, na abiria ni amana.

Dua bado tunasoma. Ila kwanza mmoja wetu anakanyaga pedali, mwenzake anainama kuangalia chini ya gari kama kuna tone. Likiwa kavu, tunapanda, tunasema Bismillah.

Mungu atulinde sote barabarani na majini.