Kijana Huyu Karithi kwa Nani?

Neno mchawi limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Mchezaji mpira akiwapiga chenga watatu, ni mchawi. Mtu akiificha sarafu kiganjani na kuitoa sikioni mwa mtoto, watazamaji huguna: uchawi huo! Walio mbali na Kanda ya Ziwa huenda wakaona ni utani tu. Sisi tuishio huku Ngara na Biharamulo tunajua kuwa katika kanda hii vikongwe wameuawa kwa neno hilohilo, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, nalipenda neno kiinimacho. Uchawi husemwa kuwa umo moyoni mwa mtu, au katika damu ya ukoo wake. Kiinimacho kimo machoni mwa mtazamaji. Mazingaombwe nalo lina muziki wake. Nilisikiapo, husikia zinga, yaani zunguka, kisha ombwe, yaani utupu. Sidai kuwa hiyo ndiyo asili ya neno. Nasema ndivyo linavyomwingia sikioni mtu aliyezoea kuhesabu mizani. Mkono unazunguka, unafunguka, hamna kitu.

Niliyajua mazingaombwe nikiwa chuo cha ualimu. Jumamosi jioni wanachuo wachache tulikutana bwaloni, kila mmoja na lake: huyu na kamba iliyokatwa ikaungana, yule na karata, mwingine na yai. Hatukuwa na sare wala katiba. Sharti lilikuwa kwamba anayeonyesha mchezo aufundishe kwa wenzake kabla ya taa kuzimwa, na asiye wa kikundi asiambiwe kamwe. Baadaye, nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Ngara, nikawa mlezi wa kikundi kama hicho. Wanafunzi walifanya mazoezi siku za Ijumaa chini ya mikaratusi. Mtu asiyefahamu hudhani kinachofichwa ni kitu. La, kinachofichwa ni wakati: sarafu huwa imekwisha kuondoka mkononi kabla mchezaji hajasema tazameni. Maneno yake ndiyo pazia. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye methali nyingi na sauti tulivu aliwashinda wenye vidole vyepesi, na mimi mwalimu wa lugha nilifurahi kupita kiasi.

Mchezo wao mkuu ulikuwa wa maji kugeuka maziwa. Maji yenyewe yalikuwa ya chokaa, kutoka maabara. Ukiyapuliza kwa mrija, hewa ukaa iliyomo katika pumzi huyafanya meupe. Wanafunzi waliujua mchezo huo darasani. Wazazi hawakuujua.

Siku ya mahafali kijana mmoja aliuonyesha mbele ya wageni. Akanuizia maneno ya kujitungia, akapuliza. Makofi yalikuwa machache. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu akainama, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, kijana huyu karithi kwa nani?"

Nikasikia baridi mgongoni. Kijana yule alilelewa na bibi yake, mjane, mwenye macho mekundu. Mzee hakuuliza juu ya maji. Aliuliza juu ya bibi.

"Karithi maabara, mzee wangu," nikamjibu. Kisha nikainuka, nikamwomba kijana aurudie mchezo polepole, aeleze kila hatua.

Alinitazama kama mtu aliyevuliwa shati hadharani, maana sharti la siri lilikuwa lake pia. Akaeleza. Halafu, kwa akili yake mwenyewe, akamwita yule mzee apulize. Mzee akapuliza, maji yakawa meupe, uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi, aliyekaa safu ya nyuma amejitanda khanga, alicheka hadi akajifuta macho. Kijana hakunisemesha kwa wiki mbili, na mchezo ule hakuuonyesha tena. Alikuwa na haki ya kununa, kwani fumbo likishafumbuliwa halifumbiki tena. Hata hivyo, swali lile likiulizwa leo nitainuka vilevile.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Reginald Scot, Mwingereza wa Kent, ambaye mwaka 1584 alitoa kitabu cha kuwatetea walioshtakiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee na maskini. Humo alianika viinimacho vya zama zake: sarafu, karata, hata kisu kinachoonekana kupenya mwilini. Alivunja siri za wacheza mazingaombwe ili watu wapunguze haraka ya kuwahukumu vikongwe. Nilipofika hapo nilimkumbuka kijana wangu na mrija wake.

Sheria yetu ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, inahesabu kuwa uchawi hata kule kujidai kuwa na nguvu za siri. Neno kujidai ndilo la kutazama. Mpaka haupo katika vidole, upo katika kauli: mcheza kiinimacho hukiri kuwa anakudanganya.

Nakubali kuwa si kila jambo huketi vizuri upande mmoja wa mpaka huo. Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao wanatoka kwenye mila yenye vyama vingi vya ngoma, na kimojawapo ni cha Bayeye, wacheza na nyoka. Hans Cory aliandika makala juu ya chama hicho mwaka 1946. Anayeingia hufundishwa tabia za nyoka, dawa za sumu, na siri zisizosemwa nje. Mchezaji akijizungushia chatu shingoni, watu hushika vichwa. Chatu hana sumu, naye anajua. Lakini anajua pia nyoka mwenye sumu hushikwa wapi, na hicho si kiinimacho, ni elimu. Ujasiri, dawa na hila vimo katika ngoma moja, na sijapata neno moja la Kiswahili la kuvibeba vyote.

Pale Nyakanazi, barabara ya Kibondo inapokutana na ile ya Kahama, mwaka jana nilimkuta kijana mwenye karata amezungukwa na madereva wa malori. Haikuwa karata tatu, ule wizi wa stendi. Hakuna aliyeweka dau. Karata ya dereva mmoja ilipotokea mfukoni mwa mwenzake, mtu akapaza sauti, "Mchawi huyu!"

"Mazingaombwe, kaka, mazingaombwe," kijana akamsahihisha haraka, akavua kofia na kuanza kuipitisha.