Zege Halilali

Fildi yangu ya kwanza ilikuwa ofisini. Wiki nane nilitoa fotokopi, nikapeleka barua, na jioni nikajaza daftari kwa maneno niliyookota kwenye ripoti ya mwenzangu. Msimamizi alisaini kurasa zote siku moja. Alama zilikuja nzuri. Kichwani hakikuingia kitu.

Mwaka wa pili nikaangukia saiti ya ghorofa. Fundi mkuu, mzee asiyetaka hata kusikia habari za chuo, alinikabidhi koni ya kupimia zege: kimo milimita 300, jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka shindilia mara 25, vua koni, pima zege limeshuka kiasi gani. Siku moja vibarua waliongeza maji kimyakimya ili kazi iwe nyepesi. Nilipovua koni, zege likatandaa chini kama uji.

"Mwanangu, hayo maji nani kapima?"

Zamu ilikuwa yangu. Mchanganyiko ule ukatupwa, lakini kabla ya hapo mzee aliagiza nijaze vipande vichache vya majaribio nijionee. Vya siku 7 vilipasuka mapema kwenye mashine. Vya siku 28 navyo havikufikia nguvu iliyotakiwa. Muhula uliofuata, mhadhiri alipochora jinsi maji yanapozidi nguvu ya zege inavyoshuka, sikukariri chochote. Nilipata A.

Wengi tukisimulia fildi huishia hapo. Lakini mzee alinipenda, akaniambia niendelee kwa malipo ya kutwa. Bumu lilikuwa halijatoka, na mafundi husema zege halilali. Wiki tano za mwanzo wa muhula sikuonekana darasani. Somo la haidroliki nikalipatia sapu, kwenye matokeo yaleyale yenye A ya zege.

Sasa mimi ndiye ninayezunguka kukagua wanafunzi wa fildi. Daftari nalifungua mwisho kabisa. Kwanza namuuliza mwanafunzi: tangu ufike, nini kimeharibika, nawe ulikuwa wapi? Asiye na jibu, mara nyingi kosa si lake. Naenda kuzungumza na msimamizi wake.

Mwaka jana binti mmoja alinijibu kwa kunionyesha viganja vyenye malengelenge. "Nimechanganya mwenyewe, mwalimu."

Nikamuuliza wanamlipa kutwa shilingi ngapi. Akacheka, akaangalia pembeni. Nikachukua daftari lake, na juu ya ukurasa wa mwisho nikaandika tarehe ya kufungua chuo.